Kanchipuram: Mlima wa Theluji Katika Nchi ya Joto

Sehemu ya pili

Wiki iliyopita tuliishia Chennai, kaka yangu akiwa amelazwa na mimi nikiwa nimepata siku moja ya nafasi. Mhudumu wa wodi, mama wa makamo mwenye shada la asumini nyweleni, alikuwa amenieleza kwa Kiingereza cha kuokoteza na ishara za mikono kwamba mgeni anayekaa Chennai wiki tatu asiuone mji wa Kanchipuram atakuwa amerudi kwao bure. Ni kilomita sabini na kitu upande wa magharibi. Alfajiri nikapanda basi.

Kabla hatujaingia mjini, niweke sawa jambo moja tunalolichanganya kila siku Kasese na Bwera. Mhindi ni mtu wa India. Mhindu ni mfuasi wa dini ya Kihindu. Wahindi tuliowazoea Uganda, wale ambao mwaka 1972 Idi Amin aliwapa siku 90 wafunge maduka na kuondoka, wengi wao asili yao ni Gujarat, kaskazini-magharibi ya India, na miongoni mwao wamo Wahindu na Waislamu pia. Kanchipuram iko jimbo la Tamil Nadu, kusini. Lugha ni Kitamil, herufi ni nyingine, na mahekalu yake hayafanani na yale ya Kampala. Nilifika nikidhani najua ninachokwenda kukiona, kumbe sikujua.

Mji huu ulikuwa makao ya wafalme wa ukoo wa Pallava kwa karne kadhaa. Xuanzang, mtawa wa Kibudha kutoka China, alipita hapa katika karne ya 7. Katika ile miji saba ambayo Wahindu huihesabu kuwa mitakatifu kuliko yote, huu peke yake ndio ulioko kusini. Hekalu utaliona kila mtaa, kubwa au dogo kama kioski. Mgeni wa siku moja akitaka kuyazunguka yote atarudi na miguu inayouma na kichwa kitupu. Mimi nilichagua matatu, na ukweli ni kwamba moja ndilo lililonishika.

Hilo ni Kailasanathar, lililojengwa na mfalme Rajasimha mwanzoni mwa karne ya 8. Liko pembeni mwa mji, nalo halina makelele. Mbele, kwenye majani, amelala fahali wa jiwe akilitazama. Viatu unaviacha nje. Usibishane na hilo popote utakapokwenda. Jiwe lake ni la mchanga, laini kwa patasi, na mvua za miaka 1,300 zimelila hadi nyuso nyingine zimebaki alama tu. Ukutani kwa ndani, kuzunguka ua, kuna vijumba 58 vilivyopangana bega kwa bega, kila kimoja kinatosha mtu mmoja kuchuchumaa. Katika baadhi yake bado yamo mabaka ya rangi ya kale, nyekundu na kijani, na ukitazama kwa subira unaona jicho, kisha shavu, kisha mkono. Nguzo zinabebwa na simba waliosimama kwa miguu ya nyuma. Katikati ya ua ndipo unapoinuka mnara wenyewe, ngazi juu ya ngazi, ukichongoka kwenda juu.

Mlinzi mmoja mzee aliniona nimesimama kitambo. Akaniita "thambi", maana yake mdogo wangu, akanionyesha mnara kwa kidole na kusema neno moja: Kailasa.

Hapo ndipo nilipoelewa. Jina la hekalu maana yake ni Bwana wa Kailasa. Kailasa ni mlima ulioko Tibet, nyuma ya Himalaya, wenye zaidi ya mita 6,600, na theluji haiondoki kileleni. Wahindu husema ndiko aliko mungu Shiva na mkewe Parvati. Lakini Kanchipuram ni uwanda wa mpunga na minazi, joto usiku na mchana. Mchonga mawe wa Rajasimha pengine alizaliwa akafa bila kushika theluji mkononi. Mlima uko mbali, kwa hiyo wakaujenga. Minara mingi ya mahekalu mnayoiona kwenye picha za India, kabla ya kuwa majengo ni milima.

Na mimi ninatoka Nyakalengija, chini ya mlima Rwenzori, Uganda. Kwetu sisi mlima haujengwi. Unaamka asubuhi, mawingu yakikubali kupasuka unauona. Wazee wa Kikonzo hufundisha kwamba Nzururu, yaani theluji, ndiye baba wa Kitasamba na Nyabibuya, na kwa hao wawili ndiko uhai wa watu, kizazi na ustawi wao unakotoka. Jina Rwenzururu limetoka kwenye theluji hiyo hiyo. Nilisimama peku kwenye jiwe la Watamil, mita 5,109 za kilele chetu cha Margherita zikiwa ng'ambo ya bahari, nikaona kwamba hawa watu na babu yangu walikuwa wanasema kitu kimoja: uhai unashuka kutoka palipo na baridi na weupe, ambapo binadamu hakai.

Kuzunguka chumba cha ndani kabisa kuna njia nyembamba. Unaiingia kwa kutambaa, tumbo likikaribia sakafu, unazunguka gizani kwa kufuata mkono wa kulia, na unatokea kwa tundu jingine dogo. Waumini husema ni kufa na kuzaliwa upya. Nilitambaa. Jiwe lilikuwa baridi na limelainishwa na magoti ya watu wa karne nyingi, likateleza kama sabuni. Nilipotoka upande wa pili, mzee alinipa mkono niinuke.

Kuna habari moja ya hekalu hili ambayo ningependa ifundishwe shuleni. Baada ya kujengwa, katika karne hiyo hiyo ya 8, mfalme Vikramaditya wa Pili wa Chalukya, adui wa Wapallava, aliuteka mji. Akaingia hapa, akaona. Hakubomoa. Dhahabu ya hekalu aliirudisha, na akaamuru hilo liandikwe kwa Kikannada, lugha yake, kwenye nguzo iliyopo mpaka leo. Kwao Pattadakal mkewe akajengesha hekalu linalofanana na hili. Sisi wa mpakani mwa Uganda na Kongo tunajua jeshi linaloteka mji hufanya nini kwa kawaida.

Saa sita mahekalu hufungwa, na mengi hayafunguliwi hadi saa kumi. Pumziko hilo lina maana, maana jiwe la ua likishika jua halikanyagiki. Nilikula wali na mchuzi wa dengu juu ya jani la mgomba, nikatembea sokoni. Wauza maua hupima asumini zilizofungwa kwa uzi kutoka kiwiko hadi ncha ya kidole cha kati, kipimo kile kile wazee wetu wa Kiswahili wanachokiita dhiraa. Nilinunua dhiraa mbili kwa ajili ya yule mama wa wodini. Hariri ya Kanchipuram, ambayo bibi harusi wa Kitamil huisubiri maisha yake yote, niliitazama tu. Bei yake si ya mtu anayeuguza.

Jioni nilikwenda Ekambareswarar. Lango lake lina urefu wa mita 59, na lilijengwa mwaka 1509 na Krishnadevaraya, mfalme wa Vijayanagara. Asiye Mhindu haruhusiwi kufika chumba cha ndani. Kuna kibao, na kibao kinaheshimiwa. Nilibaki kwenye ukumbi mrefu wa nguzo nikasimuliwa hadithi yake na mwanafunzi mmoja. Parvati alifinyanga alama ya Shiva kwa mchanga chini ya mwembe. Mto Vegavati ukafura, ukashuka kwa kishindo. Hakukimbia. Akaukumbatia ule mchanga kifuani mpaka maji yakapita. Kwa sababu hiyo alama inayoabudiwa humo inahesabiwa kuwa ya udongo, na haimwagiwi maji.

Mwanafunzi aliisimulia kama hadithi. Mimi niliisikiliza kama mtu wa bonde la mto Mubuku. Mei 2020, mito ya Rwenzori ilipofura na Nyamwamba ikaisambaratisha Hospitali ya Kilembe, niliona mama akiwa amekumbatia gunia la mbegu hivyo hivyo.

La tatu, Varadharaja Perumal, nililipitia haraka, giza likiingia. Ndani ya bwawa lake imezamishwa sanamu iliyochongwa kwa mti wa mtini, ambayo hutolewa majini mara moja kila miaka 40. Ilitoka 1979, ikatoka 2019 kwa siku 48, na sasa inangoja 2059. Watu wanahesabu umri wao kwa sanamu hiyo.

Nilirudi Chennai usiku nikiwaza mlima wetu. Mwaka 1906, Duki wa Abruzzi, mtu wa ukoo wa kifalme wa Italia, alipoupanda, barafu ya Rwenzori ilikadiriwa kuwa kilomita za mraba zaidi ya sita. Leo haifiki moja. Watamil wanao mlima wa jiwe, na mvua ikiumega wanautia kiraka. Theluji ya kwetu haitiwi kiraka.

Kwa hiyo nina ombi kwa vijana wa Nyakalengija mnaobeba mizigo ya watalii na kuwaongoza hadi kileleni. Mnajua saa za kutoka kibanda cha Nyabitaba hadi cha John Matte, mnajua bei ya gambuti za kukodi. Kabla ya msimu wa Juni, kaeni na babu zenu mwandike jina la kila mahali ambapo zamani mtu hakupita bila kutoa kitu, na kwa nini. Mgeni akiuliza, mjibu. Wazee wanaoyajua majina hayo wamebaki wachache.