Habari za Waranti na Cheti cha Polisi

Katika mabaraza mengi watu huuliza: Mtu atajuaje kama korti imetoa waranti ya kumkamata? Na vijana watafutao kazi huuliza habari za cheti cha polisi cha tabia njema. Mambo haya mawili huchanganywa, na kwa sababu hiyo wengi hupoteza fedha zao. Basi tumeona yafaa kuyaeleza kama yalivyo katika nchi ya Kenya.

Waranti ni amri ya korti. Hapana budi iwe na sahihi ya hakimu au jaji na muhuri wa korti, itaje kosa kwa ufupi, na jina la mtu anayetakiwa au maelezo ya kumtambulisha. Tena haizeeki. Hudumu na nguvu yake mpaka itimizwe, au mpaka ifutwe na korti ile ile iliyoitoa.

Wengi wanaotafutwa si wezi wala wauaji. Tuchukue mfano wa mtu aliyeshitakiwa kwa jambo dogo akatolewa kwa dhamana. Siku ya kesi alikuwa na msiba nyumbani, asipeleke habari kortini. Hakimu alimwita, asionekane, akatoa waranti. Yule mtu, kwa kuwa hakuna aliyekuja kumshika, alidhani kesi imekwisha. Hata shahidi aliyepata samansi akakaa nyumbani bila sababu ya kutosha aweza kupatwa na jambo hili.

Mwenye shaka na aende katika masijala ya korti ilikokuwa kesi yake, akiwa na nambari ya kesi, amwulize karani hali ya faili. Akiweza, aende na wakili. Hatuwezi kumwahidi kwamba hatazuiwa. Lakini ajaye mwenyewe na kueleza sababu yake husikizwa vizuri kuliko aletwaye kwa pingu. Hakimu aweza kuifuta waranti na kumrudishia dhamana, au kumtaka dhamana nyingine, au kumwadhibu. Neno hilo ni la korti peke yake. Mtu akikuambia, "Nipe fedha, nitaiondoa waranti yako," huyo ni mwongo, hata akiwa amevaa sare.

Sasa habari za cheti. Zamani, kwa sheria ya mwaka 1915, wazee wetu walitakiwa kuchukua kipande chenye alama za vidole na habari za kazi zao, wakakivaa shingoni. Kipande kile kilikuwa cha kumfuatia mtu apendapo asipende. Cheti cha leo huombwa na mwenyewe: hupigwa alama za vidole, nazo hulinganishwa na kumbukumbu za Idara ya Upelelezi wa Jinai. Lakini fahamuni neno hili: mtu ambaye hajakamatwa kwa shauri fulani, vidole vyake havijachukuliwa kwa shauri hilo. Kwa hiyo cheti safi si ushuhuda kwamba hakuna waranti kortini. Anayetaka kujua habari za waranti na aulize kortini.

Machifu na walimu wawafundishe watu haki zao pia. Askari anayetimiza waranti lazima amweleze mtu maana yake, na kumwonyesha akiomba. Walakini askari aweza kumkamata mtu, hata kama hana karatasi mkononi, akiwa na sababu ya haki ya kuamini kwamba waranti imetolewa. Basi asipigwe vita njiani. Kwa Katiba ya mwaka 2010, aliyekamatwa apelekwe kortini kabla ya saa 24 kupita, au siku ya korti ifuatayo ikiwa saa hizo zimekwisha korti imefungwa. Tena dhamana ya polisi ni bure.

Wazee walisema, mficha maradhi kilio humfichua. Mwenye waranti akijificha, atashikwa siku asiyoitazamia, huenda ni siku ya arusi ya mwanawe. Afadhali aende leo kwa miguu yake.