Narung'ombe bila bando: kweli au si kweli?

"Mpaka mnara usimame kijijini, masomo ya mtandaoni tuyasahau."

Si kweli, na hapa ndipo tunapojidanganya zaidi. Kiwix, programu ya bure iliyoanza 2007, huiweka Wikipedia nzima ya Kiswahili ndani ya kadi ya simu, ile ndogo kama ukucha. Programu nyingine, Kolibri, hufanya hivyo kwa video za masomo na mazoezi. Mwalimu wa Narung'ombe aliyekwenda Ruangwa mjini au Nachingwea kufuata mshahara anapakua huko huko. Akirudi, kompyuta moja inawagawia wanafunzi darasani kwa Wi-Fi yake yenyewe, wala halinunuliwi bando. Umeme, ndiyo, unahitajika. Paneli ya sola inautoa.

"Kusoma kwa mbali ni mambo ya vijana wa leo."

Si kweli. Waulizeni wazee. Mwaka 1973, kampeni ya Mtu ni Afya iliwakusanya Watanzania wapatao milioni 2 katika vikundi vya kusikiliza redio. Kipindi kikiisha, kitabu kinafunguliwa, watu wanajadiliana, kisha wanakwenda kuchimba vyoo. Kila kikundi kilikuwa na kiongozi.

"Ukiwa na vishikwambi, mwalimu wa nini?"

Nusu kweli. Kati ya 2017 na 2019, shindano la Global Learning XPRIZE liligawa vishikwambi vya kujifunzia Kiswahili katika vijiji karibu 170 vya Tanga. Mwanzoni, zaidi ya asilimia 90 ya watoto hawakuweza kusoma neno hata moja. Baada ya miezi 15 idadi hiyo ilipungua kwa nusu. Ni mafanikio makubwa, sibishi. Lakini nusu iliyobaki nani ataishika mkono?

"Utafiti ni kazi ya chuo kikuu."

Si kweli kabisa. Mtoto ambaye kwao hupulizia mikorosho salfa kila msimu tayari ana swali: ugonjwa wa ubwiriunga unatoka wapi, na kwa nini mkorosho wa jirani umepona? Naliendele, Mtwara, kuna watafiti wa korosho waliolishughulikia swali hilo kwa miaka mingi. Kinachokosekana ni mtu wa kulichukua swali na kurudi na jibu.

Mwalimu mkuu, safari ijayo ya mjini, beba kadi tupu na daftari la maswali ya wanafunzi wako.