Kioo cha Kijani Kinachosemwa Kimetoka Angani



Mwenzetu mmoja wa bandarini alitoa mshahara wa nusu mwezi akanunua kipande cha kioo cha kijani. Aliambiwa ni jiwe la angani, ambalo Ulaya huuzwa kwa gramu kama dhahabu. Kumbe kilikuwa kipande cha chupa. Yafaa tulielewe jambo hili, wengine wasije wakaibiwa.

Kioo cha kweli kipo. Huitwa moldavaiti, na hupatikana zaidi kusini mwa nchi ya Cheki. Lakini hakikutoka angani. Kimondo cha Mbozi, Tanzania, ni chuma kilichoanguka chenyewe. Moldavaiti ni mchanga wa dunia hii hii.

Ilikuwa hivi. Yapata miaka milioni 15 iliyopita kimondo kikubwa kilipiga mahali paitwapo Ries, kusini mwa Ujerumani, kikaacha shimo lenye upana wa kilomita 24 hivi. Kwa joto lile mchanga wa juu uliyeyuka, ukarushwa hewani, ukaganda, ukaangukia Cheki, kilomita mia kadhaa kutoka hapo. Zamani wataalamu wengi walidhani shimo lile ni la volkano. Mwaka 1960 Eugene Shoemaker na Edward Chao wa Marekani walikuta humo madini yanayohitaji mgandamizo ambao volkano haina. Ndipo ikathibitika.

Kwa nini ni ghali? Kwa sababu kilitokea mara moja tu, hakitaongezeka. Wakusanyaji hupenda rangi yake, na mikunjo iliyochorwa na maji ya udongoni kwa mamilioni ya miaka. Karibu na mwaka 2021 sifa zilienea kwenye simu kwamba huleta bahati, bei ikapanda sana. Bahati hiyo haina ushahidi.

Bei ikipanda, wanaoumia ni wawili. Wa kwanza ni mnunuzi anayeuziwa chupa iliyoyeyushwa. Wa pili ni mchimbaji anayeingia msituni bila kibali, akachimba shimo lisilo na nguzo. Kifusi kikimwangukia, hana fidia.

Ukionyeshwa kioo hiki, tumia lenzi. Cha kweli huwa na nyuzi nyembamba ndani, zilizopindapinda kama nywele. Viputo vya hewa peke yake si ushahidi, maana hata chupa huwa navyo. Vipande vingi vinavyofanana sura, jihadhari navyo. Kama huna mtu wa kukukagulia, usitoe mshahara wako.