Tusibebe Daftari Zima kwa Ajili ya Mtu Mmoja

Msimu wa kupanda haumsubiri mtu. Mvua ikinyesha, mkulima anataka mbolea mapema. Lakini mara nyingine mbolea ipo stoo, na wakulima wamepanga foleni nje. Kinachosubiriwa ni mtandao.

Mwaka 2022 Serikali ya Tanzania ilianza kutoa ruzuku ya mbolea kwa wakulima walioandikishwa. Kila mkulima alipewa namba. Daftari la namba hizo limewekwa katika kompyuta iliyo mbali. Muuza mbolea huliuliza daftari hilo kwa simu.

Je, kwa nini jibu huchelewa? Mtandao ni kama njia nyembamba ya kisimani. Mtu mmoja hupita upesi. Watu mia wakiingia pamoja, husongamana.

Tufanye hesabu. Tuseme habari za mkulima mmoja, yaani jina, namba, kijiji na ukubwa wa shamba, ni herufi 200. Kijiji chenye wakulima 1,000 kina herufi 200,000. Programu mbaya huleta habari za kijiji kizima kwenye simu, ndipo imtafute mtu mmoja. Programu nzuri hupeleka namba tu. Kompyuta kuu hutafuta yenyewe, kisha huleta herufi 200. Mzigo umepungua mara 1,000!

Picha nazo ni mzigo mkubwa. Picha moja ya simu inaweza kuchukua nafasi ya herufi 2,000,000. Hizo ni habari za wakulima 10,000.

Basi tufanye hivi:

1. Mkulima, njoo na namba yako iliyoandikwa vizuri. Namba yenye kosa hufanya swali lirudiwe.

2. Katibu wa kijiji, peleka yaliyobadilika tu. Kama wakulima watano wamebadilisha mashamba, peleka habari za hao watano. Picha zipeleke usiku, wakati njia ni nyeupe.

3. Muuza mbolea, mtandao ukikatika katikati ya mauzo, usirudie haraka. Uliza kwanza kama mauzo yameandikwa. Ukirudia bila kuuliza, mkulima anaweza kuhesabiwa mifuko ambayo hakuipata.

4. Watengenezaji wa programu, kila mauzo yapeni namba yake. Yakipelekwa mara mbili, kompyuta itatambua na kuyaandika mara moja tu.

Mtandao ni njia yetu sote. Tukipunguza mzigo, mbolea itafika shambani kabla mvua haijakatika.