Boxer, Boxer, TVS, Boxer: Pikipiki ya Mlimani na Hesabu Yake Kwenye Simu

Simama kwenye steji yoyote ya Karatina siku ya soko uhesabu pikipiki: Boxer, Boxer, TVS, Boxer. Wana boda wa huku wanazijua nyingine, hata yale madude makubwa ambayo watalii hupanda hadi Nanyuki kupiga picha kwenye ubao wa ikweta. Lakini ukiamka saa kumi na moja alfajiri na baridi ya Nyeri, na kabeji za mtu zinangoja barabarani, unataka kitu kitakachowaka.

Boxer 150 ni injini ya silinda moja, inapozwa na upepo, haina rejeta. Tangi ni lita 11. Fundi wa Mweiga, Othaya au Naro Moru anaifungua bila kompyuta, na spea hazikosekani. Si pikipiki ya kujivunia mbele ya wakwe, lakini gharama zake unaweza kuzikadiria, na hiyo ndiyo raha yake.

Pesa za simu zilianza Kenya mwaka 2007. Mwaka uliofuata, serikali iliondoa VAT kwa pikipiki zisizofika sisi 250. Tangu hapo vitu hivi viwili vimekua pamoja, mpaka leo wengi wananunua pikipiki kwa kulipa kidogo kidogo kila siku kwa simu. Na hapo ndipo watu huumia.

"Lipa 450 kwa siku" inasikika tamu. Tuchukue mfano: deposi 25,000, kisha 450 kwa siku 540. Hiyo ni 243,000, na ukijumlisha deposi ni 268,000. Uliza kwanza bei ya taslimu. Ikiwa ni 190,000, basi mkopo unakugharimu 78,000. Huenda bado inakufaa, maana pikipiki inakuletea pesa huku unalipa, ila amua ukiwa umeiona jumla yote. Uliza pia siku ambayo mvua imekulaza nyumbani inahesabiwaje.

Lipa kwa Paybill ya kampuni, ukiweka namba ya mkopo wako kwenye akaunti. Usitume kwa namba ya ajenti, hata kama ni mtu wa kwenu. Rekodi itaonyesha ulimtumia fulani pesa, haitaonyesha ulilipia pikipiki. Soma jina linalotokea kabla malipo hayajakamilika, na kila mwezi pakua stetimenti.

Mafuta nayo, yalipie kwa Till. Jaza tangi, andika kilomita. Ukijaza tena, gawanya kilomita ulizoenda kwa lita ulizoongeza. Linganisha njia ileile, kwa sababu kupanda hadi Nanyuki na abiria si sawa na kuzunguka mjini Nyeri. Kilomita kwa lita zikishuka ghafla, angalia upepo wa magurudumu, cheni, plagi na filta kabla hujalaumu kituo cha petroli.

Mwisho ni logbuku. Ukinunua kwa mkopo, kwa kawaida inasoma jina lako na la mkopeshaji pamoja. Ukimaliza kulipa, dai barua ya kumaliza deni na ufuatilie uhamisho wa umiliki NTSA kupitia eCitizen. Bila hivyo, siku ya kuuza utakwama. Ujumbe wa malipo ya mwisho usiufute hadi logbuku isome jina lako peke yako.