Miwani ya Dereva wa Pikipiki: Weusi Wake si Kinga Yake

Asubuhi za masika katika uwanda wa juu wa Ufipa, ukungu huweza kulala juu ya mashamba na kuifunika barabara. Dereva wa bodaboda anayemleta mama mjamzito Matai kutoka kijijini huona hatua chache tu mbele yake. Kiangazi kikifika, njia hiyo hiyo hutimua vumbi na jua la adhuhuri humwaka usoni. Mara nyingi dereva hukabili hali zote mbili kwa miwani ile ile: nyeusi, ya bei nafuu, iliyonunuliwa mnadani. Anaamini kwamba kadiri kioo kinavyokuwa cheusi ndivyo kinavyolinda jicho. Imani hiyo si sahihi, na madhara yake hayampati yeye peke yake.

Kinachoumiza jicho

Mwanga wa jua una mionzi isiyoonekana, iitwayo urujuanimno. Shirika la Afya Duniani linaeleza kwamba nguvu ya mionzi hiyo huongezeka kwa takriban asilimia 10 katika kila mita 1,000 za mwinuko. Kwa hiyo mkazi wa Ufipa huipata kwa wingi zaidi kuliko mkazi wa pwani, hata siku ya baridi. Kwenye theluji, kama ile ya kilele cha Kilimanjaro, mionzi huakisiwa kutoka chini pia, na mpandaji asiye na miwani anaweza kuungua konea, yaani kioo cha mbele cha jicho, kwa siku moja tu. Ufipa haina theluji. Madhara yake huja polepole, kwa miaka mingi. Mionzi huchangia mtoto wa jicho, na pia ile nyama inayoota kutoka pembeni mwa jicho kuelekea kwenye mboni. Upepo na vumbi huzidisha mwasho.

Kioo cheusi kisichozuia mionzi hiyo kina hatari yake: gizani mboni hupanuka, na mionzi ikapata mlango mpana zaidi wa kuingilia. Rangi hupunguza mng'ao tu. Kinachozuia mionzi ni aina ya kioo au dawa iliyopakwa juu yake.

Namna ya kuchagua

Mnunuzi atafute alama ya UV400, inayomaanisha kwamba kioo kinazuia mionzi hiyo hadi nanomita 400. Kwa kuwa alama huweza kughushiwa, ni salama zaidi kununua kwa mtaalamu wa miwani. Plastiki ngumu ya polikaboneti hufaa kuliko kioo cha kawaida, maana haivunjiki kwa urahisi jiwe linaporuka. Miwani ifunike pande za macho, lakini iwe na nafasi ndogo ya kupitisha hewa ili isifanye mvuke.

Weusi wa miwani hupangwa kwa madaraja, kuanzia 0 hadi 4. Daraja la 3 hufaa jua kali la mchana. Daraja la 4 halifai kabisa kwa mwendesha chombo barabarani. Alfajiri, usiku na kwenye ukungu, dereva avae miwani isiyo na rangi. Miwani ya njano nayo hupunguza nuru inayofika jichoni, hivyo si msaada wa usiku.

Hata hivyo, hakuna miwani inayopenya ukungu. Pikipiki inayokwenda kilomita 60 kwa saa hupita karibu mita 17 kwa sekunde moja. Anayeona mita 15 tu mbele yake atakuwa amekwisha kugonga kabla mkono haujashika breki. Apunguze mwendo, na atumie dimu badala ya fulu, kwa sababu ukungu huurudisha mwanga mkali machoni pake. Asipoona kabisa, asimame nje ya barabara.

Jicho likiumia

Vumbi likiingia, jicho lisisuguliwe. Lioshwe kwa maji safi mengi. Kitu kilichochoma jicho kisichomolewe: jicho likingwe bila kukandamizwa, na mgonjwa afikishwe kituoni haraka. Maji ya majani na maziwa ya mama yasitiwe jichoni. Matone yenye steroidi yasitumiwe bila kupimwa, hasa baada ya kuchomwa na jani la mahindi, kwani huweza kustawisha fangasi wanaotoboa konea.

Mhudumu wa afya anayempokea dereva mwenye macho mekundu amuulize pia anavaa miwani gani, na saa ngapi. Maumivu makali, kuona kwa ukungu, doa jeupe kwenye konea au kuumizwa na mwanga ni dalili za kumpa rufaa siku hiyo hiyo. Na mjamzito anayepanda pikipiki alfajiri ana haki ya kumwambia dereva wake, "Mwanangu, vua hiyo miwani nyeusi, twende polepole."