Kujifunza Kutembea Baada ya Kubadilishiwa Nyonga

Mtu aliyelika nyonga hata akashindwa kutembea anaweza kubadilishiwa kiungo hicho. Upasuaji huu, uliopata msingi imara kwa kazi ya Daktari John Charnley wa Uingereza mwaka 1962, hufanyika nchini katika Taasisi ya Mifupa Muhimbili (MOI), Dar es Salaam. Lakini kutoka huko hadi Kigoma ni kiasi cha kilomita 1,250 kwa reli, na mgonjwa akisharejea, kazi kubwa iliyobaki ni yake na jamaa zake.

Wengi husikitika waonapo kwamba wangali wakichechemea ilhali maumivu ya zamani yamekwisha. Yafaa ieleweke kwamba mara nyingi kosa halimo katika kiungo kipya. Misuli ya ubavuni mwa nyonga ndiyo izuiayo kiuno kisiinamie upande mmoja mguu wa pili unapoinuliwa. Misuli hiyo ilidhoofika katika miaka ya ugonjwa, na mwili ukazoea kuchechemea. Dawa yake ni mazoezi na subira.

Kwanza, fimbo ishikwe kwa mkono ulio kinyume cha mguu uliopasuliwa, isogezwe pamoja na mguu huo. Isiachwe kwa kuona haya. Iachwe mtu awezapo kutembea bila kuyumba.

Pili, hatua ziwe fupi na sawa, kisigino kikitangulia. Katika kupanda ngazi, mguu ulio mzima hutangulia. Katika kushuka, hutangulia uliopasuliwa.

Tatu, katika majuma ya mwanzo, kadiri daktari alivyoagiza, asichuchumae, asikalie kigoda kifupi wala asipandanishe miguu. Choo cha shimo kiwekewe kiti chenye tundu. Kuanika dagaa mchangani Kibirizi, kusukuma mtumbwi na kukwea mchikichi kungoje ruhusa.

Hapa ndipo chama kinapohusika. Mwanachama anayesukumwa na njaa ya nyumbani hutupa fimbo mapema na kurudia kazi nzito. Kamati na impe kwa muda kazi ya kuketi kwenye kiti kirefu, kama kuandika uzito wa mazao mizanini.

Mguu ukivimba na kuuma, pumzi zikibana, au nyonga ikiuma ghafla na mguu ukaonekana mfupi, apelekwe hospitali siku hiyo hiyo. Asingoje mkutano wala mnada.